NTA855 ya jenereta: konrodi namba 4 imekula krenki. Msasa, saizi 10, saizi 20 au krenki mpya?

Kokoto_Umeme:

Wakuu, habari za kazi. Jenereta inaendesha krasha ya kokoto, injini Cummins NTA855, silinda sita, mizunguko 1500 kwa dakika. Presha ya oili ikiwa moto ilikuwa inakaa 50 psi. Ndani ya wiki mbili imeshuka hadi 28, na mzigo ukiwa mkubwa inagusa 20. Filta ilipokatwa, mikunjo ya karatasi ilikuwa imejaa vumbi la rangi ya shaba. Injini imefunguliwa, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iko nje imelazwa juu ya mbao mbili. Hali ni hii:

Konrodi namba 4 (mkono unaounganisha pistoni na krenki), beringi imebaki shaba tupu, kikucha cha kipande cha chini kimekatika na beringi ilishaanza kuzunguka ndani ya konrodi. Shingo yake, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi hiyo, ina mikwaruzo inayoshika ukucha. Maikromita inasoma 79.21 mm palipolika zaidi, na 79.29 nikiigeuza nyuzi 90. Shingo nyingine tano za konrodi ni 79.35 hadi 79.36. Mein zote saba, yaani shingo ambazo krenki inakalia kwenye bloku, ziko kati ya 114.27 na 114.29. Beringi za mein zina mikwaruzo myembamba ya kuzunguka, shaba haijaonekana.

Ushauri niliopata unagongana. Fundi mmoja anasema shingo ya 4 ipigwe msasa, ifungwe beringi mpya ya stendadi (saizi ya kiwandani), kazi iendelee. Wanaosaga krenki wanasema wapeleke shingo zote, mein na konrodi, saizi 20 (kupunguza kipenyo kwa elfu 20 za inchi) moja kwa moja "kwa usalama". Mwingine anasema nunua krenki mpya. Kipi ni sahihi, na vitu gani vingine nibadilishe nikiwa nimeshafungua?

Spana_19:

Msasa sahau kabisa. Shingo ya konrodi ya injini hiyo ikiwa stendadi ni 79.34 hadi 79.38. Nafasi ya oili ya beringi mpya huanzia kama 0.04 mm hadi 0.11. Yako imeshalika hadi 79.21, kwa hiyo ukifunga beringi ya stendadi unajiongezea angalau 0.13 juu ya nafasi hiyo. Oili itamwagika pembeni ya beringi badala ya kubeba shingo, presha haitarudi, na baada ya muda mfupi utaokota shaba tena. Halafu shingo imeshakuwa yai: 79.29 kutoa 79.21 ni 0.08, wakati mwisho wa kuvumilia ni 0.05. Msasa hauondoi uyai, unaung'arisha tu.

Mein ziache. Stendadi yake ni 114.26 hadi 114.30, zako zote zimo. Zipolishiwe tu, funga mein beringi mpya za stendadi. Anayetaka kuzisaga hadi 20 anatafuta kazi.

Za konrodi saga saizi 10, yaani 79.08 hadi 79.12. Kutoka 79.21 nafasi ipo. Agiza seti ya 10 leo.

Leth_na_Krenki:

Kwa msasa na mein nakubaliana na Spana. Kuagiza seti ya 10 leo sikubaliani, na sababu ni hesabu.

Shingo ya konrodi hailiki kuzunguka pande zote sawasawa. Inalika upande mmoja, ule unaopokea kishindo cha pistoni. Kabla ya kulika shingo hiyo ilikuwa karibu 79.36 kama wenzake. Sasa ni 79.21, imepoteza 0.15, na karibu yote imetoka upande mmoja. Mashine ya kusaga inazungusha shingo juu ya kitovu chake cha zamani, hivyo ili jiwe lifike chini ya kidonda lazima litoe 0.15 kila upande. Hiyo ni 0.30 kwenye kipenyo, unafika 79.06. Mwisho wa chini wa saizi 10 ni 79.08. Umeona? Maikromita inakuambia 10 inatosha, jiwe linakuambia haitoshi. Msagaji mzuri anaweza kusogeza kitovu kwa 0.02 au 0.03 ya milimita akaokoa saizi 10, lakini asisogeze zaidi ya hapo, maana anabadilisha mwendo wa pistoni ya silinda hiyo moja.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: anza na shingo mbovu kuliko zote. Ikipona kwenye 10, sawa. Isipopona, nenda 20, ambayo ni 78.83 hadi 78.87. Beringi zinaagizwa baada ya krenki kutoka kwenye mashine na kupimwa. Kabla hata ya kuipandisha, soma uzito wa mbele wa krenki. Cummins na wasagaji makini hugonga alama za saizi pale, na kama kuna aliyewahi kuisaga utajua.

Kabla ya jiwe kugusa chuma kuna mambo matatu.

Kwanza nyufa. Beringi ikizunguka, shingo inachemka, na chuma kilichochemka kikapozwa ghafla na oili kinapasuka. Isafishe mpaka grisi iishe, ipime kwa sumaku na unga wa sumaku, siyo kwa macho. Ufa mfupi mfupi unaokwenda urefu wa shingo, mwingi kama michirizi ya mvua kwenye kioo, ni wa joto, na mara nyingine husagika ukaisha. Ufa unaotoka kwenye tundu la oili kwa mshazari wa nyuzi 45 ni wa msokoto. Ufa kwenye kona, pale shingo inapokutana na ukuta wa krenki, ni wa kupinda. Hiyo miwili ya mwisho usijadiliane nayo: krenki ni chuma chakavu, nunua nyingine. Ukimaliza, sumaku iondolewe, la sivyo itavuta unga wa chuma wa injini mpya kuja kwenye beringi.

Pili ugumu. Angalia kama shingo ya 4 ina rangi ya bluu au kahawia. Rangi hiyo ni ishara kuwa ugumu wa juu huenda umelegea. Ipimwe kwa kipima ugumu cha mkononi, ulinganishe na shingo ya 3 na ya 5. Ikiwa laini kuliko hizo kwa wazi, kuisaga ni kuchelewesha tu siku.

Tatu unyoofu. Mein ya 1 na ya 7 zikae kwenye vitalu vya V, geji ya saa iguse mein ya 4, zungusha polepole. Na hapo hapo nikukumbushe: krenki ndefu kama hiyo usiilaze juu ya mbao mbili miezi na miezi. Isimamishe wima au itundike, ikishindikana weka mihimili chini ya mein ya 1, ya 4 na ya 7.

Sasa kona. Ukiweza kubaki na neno moja kwenye uzi huu, liwe hili. Kati ya shingo na ukuta kuna mviringo, sisi tunaita redyasi. Nguvu zote za kupinda zinapita hapo. Jiwe lililochongwa vibaya linaacha kona kali au kidaraja kidogo usichokiona kwa macho, na krenki inakatika hapo hapo baada ya masaa mia kadhaa, beringi zikiwa bado nzuri. Watu wanalaumu chuma. Mwombe msagaji akuonyeshe geji ya redyasi aliyotumia, uiweke mwenyewe kwenye kona, umulike tochi kwa nyuma. Mwanga usipite. Redyasi ikiwa kubwa kupita kiasi nayo ni balaa, ukingo wa beringi utapanda juu yake na kuungua.

Mdomo wa tundu la oili uchongwe uwe laini, maana kusaga kunauacha mkali kama wembe na utakwangua beringi mpya dakika ya kwanza. Kupolishi kunamalizwa kwa mwelekeo ambao krenki inazunguka ikiwa kwenye injini. Ukipitisha ukucha usisikie kitu, na kipimo cha uso kikiwa 0.4 mikroni au chini, umefika.

Dizeli_Bara:

Mnazungumzia krenki, lakini krenki haikujiua. Mleta mada, beringi zile umezitupa? Kama hujazitupa zipange mezani kwa namba, kipande cha juu na cha chini, uzisome.

Mikwaruzo ya kuzunguka yenye chembe zilizozama ndani ni uchafu. Uso uliopanguswa ukang'aa, umeyeyuka bila mikwaruzo mingi, ni njaa ya oili au oili nyepesi. Uso uliopasuka vipande kama tope lililokauka ni uchovu wa mzigo. Weusi wa kuliwa ni maji au oili iliyochacha. Beringi imelika ukingo mmoja juu na ukingo wa pili chini, konrodi imepinda. Mgongo wa beringi ukiwa mweusi, haikuwa imebanwa vizuri kwenye tundu lake.

Ile tabaka ya juu ya kijivu ni nyembamba mno, kama elfu moja ya inchi. Ikiisha ndiyo unaona shaba. Kwa hiyo shaba kwenye filta maana yake tayari umechelewa, siyo onyo la mapema.

Maswali yangu: kijiti cha oili kilikuwa kinaonyesha imeshuka, imepanda au pale pale? Oili ilikuwa na harufu gani? Beringi za konrodi 1, 2, 3, 5 na 6 zina sura gani?

Kokoto_Umeme:

Zipo zote. Za konrodi nyingine zimepanguswa, zinang'aa kipande cha juu, mikwaruzo kidogo. Kijiti kilikuwa kimepanda karibu vidole viwili juu ya alama ya juu, opereta akafurahi kwamba injini haili oili. Harufu ya dizeli ipo, na ukiisugua vidoleni haina mvuto.

Dizeli_Bara:

Basi jibu umelibeba mwenyewe. Dizeli imeingia kwenye oili, oili ikawa maji, utando ukakatika. Namba 4 ilitangulia tu, nyingine zilikuwa njiani. Ukisaga krenki ukafunga bila kuziba dizeli, utarudi hapa na krenki ya saizi 30.

Injini hii ni ya mfumo wa PT, mfumo wa dizeli wa Cummins. Dizeli haiji kwa paipu ndogo ndogo za kila injekta, inapita kwenye matundu ndani ya silinda hedi, na kinachoizuia ni oringi za mwili wa injekta. Oringi ikikatwa wakati wa kufunga, au ikikauka kwa joto, dizeli inapanda juu kwenye chumba cha roka na kuteremka sampu (bakuli la oili chini ya injini). Toa injekta zote sita, angalia oringi chini ya mwanga mkali. Iliyokatwa huwa na kipande kama ukucha wa mwezi kimenyofoka. Badilisha zote, zipake oili safi, injekta iingie kwa kusukumwa wima, isizungushwe kwa nguvu. Hedi ziko tatu, kila moja ina injekta mbili, kwa hiyo usiangalie ya namba 4 tu eti kwa sababu ndiko kulikoungua.

Mshukiwa wa pili ni sili za shafti ya pampu ya PT. Zikichoka, dizeli inaingia moja kwa moja upande wa gia.

Konrodi ya 4 usiirudishe. Tundu ambalo beringi imezunguka ndani yake limeshapanuka na kuwa yai, na chuma kimepata joto. Ukinunua nyingine, pima uzito ulingane na wenzake. Zile tano zinazobaki, funga kifuniko bila beringi, kaza kwa kipimo cha kitabu, pima tundu kwa pande tatu. Bolti za konrodi weka mpya zote, ni bei ya chai ukilinganisha na konrodi inayokatika na kutoboa bloku.

Kingine kinachosahaulika kila mara ni kupoza oili. Vumbi lote la shaba limepita humo na mengine yamekaa kati ya mirija. Ukiosha kwa dizeli na kupuliza hewa unajidanganya, linatoka kidogo, lingine linatoka injini ikipata moto. Kwa beringi iliyozunguka mimi nabadilisha kiini chake. Oili pampu fungua, gia zikiwa na makovu ibadilishe. Valvu ya presha itoe usafishe, chembe moja ikiikwamisha wazi utatafuta presha mwezi mzima.

Matundu ya oili ndani ya krenki yapitishiwe brashi ndefu ya nailoni na maji ya moto yenye sabuni, siyo hewa tu. Vumbi la jiwe la kusagia linanata kwenye kuta za tundu pamoja na mafuta. Pitisha brashi, kisha kitambaa cheupe kwenye waya. Kitambaa kikitoka na kijivu, rudia. Matundu ya bloku vilevile, na nozeli za kupoza pistoni.

Spana_19:

Nimekubali hesabu ya Leth, nilisahau kwamba inalika upande mmoja.

Kwenye kufunga: mgongo wa beringi na kitanda chake viwe vikavu na visafi, oili inakaa upande wa shingo tu. Watu wanapaka pande zote mbili eti iteleze, na kweli inateleza, inazunguka. Kipande cha juu cha mein ndicho chenye tundu la oili, ukikiweka chini umeifunga mein hiyo isipate oili hata tone. Ukingo wa beringi unaochomoza kidogo juu ya kitanda usiupige tupa, huo ndio unaoibana ukikaza.

Pima nafasi ya oili kwa uzi wa plastiki kila mein na kila konrodi: shingo kavu, kaza hadi kipimo cha mwisho, usizungushe krenki, fungua, linganisha upana. Mein inataka 0.04 hadi 0.13. Ukipata namba ya ajabu sehemu moja tu, mara nyingi kuna uchafu nyuma ya beringi au vifuniko vimebadilishana. Vifuniko vina namba, vikae kwa namba na upande wake.

Mchezo wa mbele na nyuma wa krenki unashikwa na thrasti (beringi bapa zinazozuia krenki isisogee) za mein ya 7. Ikiwa mpya ni 0.18 hadi 0.46, ikifika 0.56 imekwisha. Sukuma krenki kwa nondo mbele na nyuma kabla ya kukaza kifuniko cha 7 kabisa, ili thrasti zijipange. Mchezo ukizidi, thrasti zilizoongezwa unene kwa elfu 10 na elfu 20 za inchi zipo.

Dampa ya mbele, inayomeza mtetemo wa krenki: kwangua rangi sehemu nne, pima unene. Tofauti ikizidi 0.25 mm, au kuna kibonyeo, au umeona kitu kama gundi kikitoka pembeni, itupe. Dampa ikifa haipigi kelele, inakata krenki.

Mtambo_Mzito:

Nyongeza ya upande wa jenereta, kwa kuwa wengi wanaishia kwenye injini. Pima ule mchezo wa mbele na nyuma kabla ya kufunga oltaneta, andika, upime tena baada ya kuifunga. Lazima ziwe sawa. Ikipungua, ile sahani ya kuunganishia inaisukuma krenki mbele, na thrasti mpya zitaungua siku ya kwanza. Sababu huwa vibao vya kujazia vimewekwa vingi, au sahani haijaingia kwenye kitako cha flaiwili.

Kuwasha: jaza oili kwa pampu ya nje kupitia njia kuu mpaka geji ya injini isimame kama 30 psi, injini ikiwa haijazunguka. Kisha zungusha kwa stata dizeli ikiwa imefungwa mpaka presha irudi yenyewe. Washa, dakika tano bila mzigo, zima, gusa ubavu wa bloku kwa mkono. Palipo moto kuliko pengine fungua uangalie. Mzigo upandishe robo, nusu, robo tatu. Masaa 50 ya kwanza mwaga oili, kata filta.

Kokoto_Umeme:

Oringi mbili zimekutwa zimekatwa, hedi ya kati na ya nyuma. Krenki haina ufa, ugumu wa shingo ya 4 unalingana na ya 3. Imesagwa kwanza hiyo ya 4, imefika 79.10 na bado kuna doa kama punje ya mchele upande ulioliwa, ukucha hausikii. Msagaji anauliza aiache hivyo au ashuke 20. Na akishuka, zile tano nazo zishuke?

Leth_na_Krenki:

Doa liko upande unaobeba kishindo, asiliache. Ashuke 20. Zile tano ziko ndani ya stendadi, hazina ugonjwa, zipolishiwe zibaki. Ya 4 peke yake igongwe alama wazi kwenye uzito wa mbele.

Dizeli_Bara:

Kwa karatasi uko sahihi. Kwa hali ya gereji zetu, atakayefungua injini hii miaka mitatu ijayo atapima shingo ya 1, ataagiza seti nzima ya stendadi na kuisukumia na ya 4. Mimi ningezipeleka zote sita 20. Ukiamua kubaki na moja, gonga alama kwenye krenki, na andika pia kwa rangi kwenye ubavu wa bloku, usawa wa silinda ya 4.

Leth_na_Krenki:

Kusaga shingo nzima tano kwa sababu kuna mtu hatasoma alama ni kuondoa ugumu mzuri bure. Bloku iandikwe kwa rangi, hapo tuko pamoja.

Kokoto_Umeme:

Ya 4 inakwenda 20, tano zinabaki. Alama itagongwa na bloku itaandikwa kwa rangi. Nimeshapata wauzaji wa beringi kwa jozi moja moja, siyo lazima seti.